Vinyota vyekundu na hasira zao: maswali mnayoniuliza kila umeme ukienda

Hapa Arua, Uganda, umeme ukikatika usiku ndo watu wanakumbuka kwamba juu kuna nyota. Viti vinatolewa nje, watoto wanaanza kukimbizana gizani, na dakika kumi haziishi kabla mtu hajaita, mwalimu hebu njoo, ile pale ni nini. Mi nafundisha fizikia sekondari, sio mtaalamu wa nyota, ila nasoma sana haya mambo, na mwaka jana nikafanya kosa la kuwaambia majirani kwamba kuna vinyota vinaitwa vibete vyekundu, havionekani hata kwa macho lakini vikikasirika vinalipuka na kurusha moto unaoshinda wa jua letu. Tangu siku hiyo sijapumzika. Maswali yanakuja kwa simu, yanakuja kwa kinyozi, kuna afande mmoja alinisimamisha barabarani nikadhani ni mambo ya leseni kumbe anauliza nyota. Basi nimeyaandika hapa yale yanayorudi rudi.

Kibete chekundu ni nini kwanza, ni nyota au sayari?

Ni nyota kamili, inachoma haidrojeni tumboni kama jua linavyofanya, tofauti ni kwamba ni ndogo na ina baridi. Baridi ya nyota lakini! Usoni ni kama digrii 3,000, jua letu ni 5,500. Angalia sigiri ya mama muuza chapati jioni: makaa yakiwa yameshika vizuri na anapepea, katikati yanakuwa ya njano karibu meupe, akiacha kupepea yanabaki mekundu hafifu, ukiondoka hatua kumi huyaoni tena. Hicho chekundu hafifu ndo kibete chetu. Kile kilicho karibu nasi kuliko vyote kinaitwa Proxima Centauri na uzito wake ni kama asilimia 12 tu ya uzito wa jua.

Na usidhani ni vichache, katika kila nyota 4 za galaksi yetu kama 3 hivi ni vibete vyekundu. Ni kama kukaa barabara ya Kampala unaona mabasi na malori tu manake ndo yenye kelele, wakati watu wengi wanaenda kwa miguu.

Mbona mimi sijawahi kuona hata kimoja?

Hujaona na mimi sijaona kwa macho matupu, hakuna aliyeona. Hata kile king'avu kuliko vyote, Lacaille 8760, kiko chini kidogo ya pale jicho la kawaida linapokomea. Watu wananionyesha ile nyota nyekundu ya kwenye kundi la nyota la Orion wakisema si ndo hii, hapana, ile ni Betelgeuse, ni jitu jekundu, ukiliweka pale jua lilipo linameza Zebaki, Zuhura, dunia yetu na Mirihi juu yake. Rangi zinafanana, ukubwa ni tembo na siafu.

Huo mlipuko ni nini hasa? Nyota inapasuka?

Haipasuki. Neno mlipuko linatudanganya kidogo lakini silioni lingine zuri, wengine wanaandika fleya na mi sina ugomvi nao.

Mtafute boda anayefunga jerikani za maji kwa ule mpira wa tyubu. Anavuta, anazungusha, anavuta tena, mpira unakaza mpaka unakuwa mwembamba, na kama kuna mahali umechoka, paa! unakatika na kumpiga mkononi. Mpira haukuwa na moto wala baruti ndani, nguvu yote ni ile aliyoiweka mwenyewe alipokuwa anakaza. Kwenye nyota mpira ni sumaku. Gesi ya nyota ni ya moto mno mpaka inabeba umeme, ikizunguka na kujikoroga inavuta mistari ya sumaku pamoja nayo, inaisokota, mpaka mistari miwili inakatika na kujiunga upya kwa njia fupi zaidi. Ile nguvu iliyokuwa imefungwa inaachiliwa ndani ya sekunde au dakika, inarusha chembe kwenda chini kwa mwendo mkali sana, zinagonga uso wa nyota na pale zilipogonga panawaka. Mwanga, miale ya urujuanimno (ile isiyoonekana inayounguza ngozi juani), eksirei, mawimbi ya redio, vyote vinatoka kwa pamoja.

Waliofika Pakwach Novemba 3, 2013 kuona jua likipatwa wote wameshaiona hii sumaku bila kujua. Zile sekunde chache jua lilipozimika kabisa, pembeni ya mwezi palitokea taji jeupe lenye vishungi. Vile vishungi vimekaa vile kwa sababu gesi inafuata mistari ya sumaku. Mi nilikuwa pale, nimebanwa katikati ya watu, kuku wa jirani mmoja wakaanza kwenda kulala, na nilichokumbuka kuangalia kilikuwa vishungi tu.

Sasa kanyota kadogo vile nguvu kanatoa wapi?

Hili ndo swali ninalolipenda na watu hawaliulizi vya kutosha.

Jua letu ndani limegawanyika. Sehemu ya ndani imetulia, joto linapita kwa mwanga tu, halafu theluthi hivi ya nje ndo inayochemka. Kibete chekundu, hasa kilicho chini ya theluthi moja ya uzito wa jua, hakina sehemu iliyotulia, kinachemka chote toka katikati mpaka juu kama sufuria ya uji ambayo hakuna anayepunguza moto. Uji ule unabeba umeme, unapanda na kushuka, na nyota yenyewe inazunguka. Kuchemka na kuzunguka pamoja ndo kunatengeneza sumaku, ni kama dainamo ya baiskeli za zamani, ukikanyaga kwa nguvu taa inawaka zaidi. Jua linachukua karibu mwezi mzima kujizungusha mara moja. EV Lacertae, kibete kimoja kilicho umbali wa miaka ya nuru 16 hivi (yaani mwanga wake unasafiri miaka 16 kutufikia), kinazunguka mara moja kila siku 4. Vingine vichanga havimalizi hata siku moja.

Kwa hiyo udogo sio udhaifu. Kiumbo ni kadogo, mwanga wake ni duni, ila sumaku yake ni ya mtu mzima mwenye hasira.

Mbona wanasema mwanga umeongezeka mara elfu, hiyo si chumvi?

Sio chumvi ila lazima ujue wanapima mwanga gani. Hapa jirani kuna fundi wa welding. Mchana akichomelea geti, jua limewaka, unaona kicheche cha buluu pale kwenye chuma na unapita zako. Usiku umeme ukiwa umeenda yeye anawasha jenereta anaendelea, na kile kicheche kile kile kinamulika ukuta wa nyumba yangu mpaka naona vivuli vya migomba vikicheza. Kicheche hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni giza linalokizunguka.

Kibete chekundu ndo lile giza. Kikiwa kimetulia kinatoa mwanga mwekundu na joto, urujuanimno karibu hakitoi. Mlipuko wenyewe una joto la digrii elfu 9, elfu 10 na kupanda, kwa hiyo mwanga wake ni mweupe wa kuelekea buluu. Ukipima kwa kichujio chekundu utaona nyota imepanda kidogo, ukipima kwa urujuanimno imepanda mara elfu na zaidi, na ni tukio lile lile. Mtu akikupa namba muulize ni rangi gani.

Hii kitu iligunduliwaje?

Kidogo kidogo. Kinachotajwa sana ni UV Ceti, kilikuja kujulikana mwaka 1948, kiko miaka ya nuru karibu 9, na mwaka 1952 kilionekana kikiongezeka mwanga mara 75 ndani ya sekunde 20. Kikawa kama jina la ukoo, mpaka leo nyota za tabia hii zinaitwa nyota za aina ya UV Ceti. Proxima yenyewe iligunduliwa Afrika, mtaalamu wa nyota Robert Innes aliiona mwaka 1915 akiwa Johannesburg, na mwaka 1951 mwenzake Harlow Shapley akapekua picha za zamani akakuta kwamba kuna picha ambazo imewaka kuliko kawaida. Ilikuwa inalipuka miaka yote hiyo na picha zimekaa kabatini.

Siku hizi kazi kubwa inafanywa na setilaiti ya TESS iliyorushwa 2018. Ilitumwa kutafuta sayari kwa kukodolea nyota macho siku nyingi bila kupepesa, na ukikodoa macho vile hata nyota ikipiga chafya unaona.

Mlipuko upi ulikuwa mkubwa kuliko yote?

Sitawapa orodha ya ligi, nitawapa ile inayonishangaza.

Aprili 2008 EV Lacertae kililipuka na setilaiti ya Swift ikageuka kukitazama. Swift kazi yake ni kukimbilia milipuko mikali ya mbali huko ulimwenguni, haiogopi kitu, lakini siku ile urujuanimno ulikuwa mkali mpaka darubini yake ya mwanga ikajizima yenyewe isiharibike. Eksirei ziliendelea kuwa juu masaa 8. Kama EV Lacertae ingekuwa juu angani usiku na wewe uko nje, ungeiona kwa macho matupu kwa muda mfupi, nyota ambayo siku zote haionekani.

Halafu Aprili 23, 2014 ikaja zamu ya DG Canum Venaticorum, vibete viwili vinavyozungukana kwa karibu, umbali wa miaka ya nuru 60 hivi. Joto la mlipuko lilifika digrii milioni 200, yaani zaidi ya mara 12 ya joto la katikati ya jua, na nguvu yake inakadiriwa kufika mara 10,000 ya mlipuko mkubwa kuliko yote uliowahi kupimwa kwenye jua. Na haukuja peke yake, ukafuatwa na mwingine, na mwingine, wiki mbili na zaidi ndo nyota ikatulia. Hii familia bado ni changa na inazunguka haraka sana, kwa hiyo hasira zake zinaeleweka.

AD Leonis nayo Aprili 1985 ililipuka zaidi ya saa nne mfululizo. Sijui huu mwezi wa Aprili una nini, watoto darasani waliniuliza, nikawaambia ni bahati tu.

Lakini mi ninaowapenda ni wale wadogo kabisa. Agosti 13, 2017 darubini zilizoko Chile ziliona mwanga pahali ambapo kwa kawaida hazioni kitu. Ilikuwa nyota ya umbali wa miaka ya nuru 250, kubwa kama sayari ya Mshtarii tu, joto la usoni halifiki digrii 2,000, ipo pale mpakani kabisa, ingepungua kidogo isingeitwa nyota. Na hiyo ikatoa mlipuko wa nguvu mara 10 ya ule mkubwa wa jua wa mwaka 1859, ambao nitausema mbele. Jina lake ni ULAS J2249 halafu tarakimu zinaendelea, jina la mtu aliyesajiliwa na hakuna aliyetegemea atafanya lolote.

Hebu tuambie ya Proxima, si ndo jirani?

Ndo jirani, miaka ya nuru 4.24. Machi 2016 ilitoa mlipuko mkubwa mara 10 kuliko yote iliyokuwa imeonekana kwake kabla ya hapo, mwanga wake wa kawaida ukapanda kama mara 68, na kwa dakika chache mtu mwenye macho makali sana aliyeko jangwani kwenye giza zito angeweza kuiona. Hakuna anayejulikana kuwa aliiona, kamera ndo ziliona. Nawaza tu siku hiyo sisi tulikuwa tunafanya nini.

Ule wa Mei 1, 2019 ulipimwa vizuri zaidi kwa sababu kulikuwa na darubini nyingi zimeelekezwa pale kwa makusudi, za ardhini na za angani, kundi likiongozwa na Meredith MacGregor wa Chuo Kikuu cha Colorado. Ndani ya sekunde chache mwanga wa urujuanimno ukapanda mara 14,000 hivi. Sekunde saba kila kitu kimekwisha, hata kikombe cha chai hujakishusha mdomoni. Na wakaona kwamba mawimbi mafupi ya redio, yale ya milimita, nayo yalipanda pamoja, jambo ambalo kabla ya Proxima watu hawakulitegemea kwa nyota hizi.

Mwalimu, ukitokea tena utatufikia? Watoto wataungua?

Mama, hapana. Mwanga wake unasafiri miaka minne na zaidi kufika hapa na ukifika umesambaa mpaka unahitaji darubini kuuona. Lala.

Anayeweza kutugusa ni jua letu, yuko dakika 8 tu kwa mwendo wa nuru. Mwaka 1859 Richard Carrington aliona mlipuko wake akiwa Uingereza, na dhoruba iliyofuata ikavuruga telegrafu mpaka baadhi ya waendeshaji wakapigwa shoti. Machi 1989 jimbo la Quebec huko Kanada likakaa gizani masaa 9 kwa dhoruba ya jua. Uganda tuko kwenye ikweta, nyaya zetu hazipati taabu kama za kaskazini, ila redio za mawimbi mafupi, zile za SW zinazofika mbali, zinakatika na GPS inaweza kupotea kidogo. Setilaiti nazo zinaumia, na sisi sasa hivi hatuwezi kusema hayatuhusu, tulishatuma ya kwetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilirushwa Novemba 2022.

Umeme wa hapa kwetu ukienda lakini msisingizie jua, tunajua sababu zake.

Ni kweli kuna ujumbe wa redio ulitoka huko?

Kaka, hii ilizunguka sana kwenye simu. Mwaka 2019 darubini ya redio ya Parkes kule Australia ilikuwa inafuatilia milipuko ya Proxima hiyo hiyo, na kwenye data ikapatikana ishara nyembamba ya redio kwenye megahezi 982. Ikapewa jina BLC1 na magazeti yakaandika walichotaka. Wataalamu waliichambua na mwaka 2021 wakatoa majibu: ilikuwa usumbufu wa mitambo yetu wenyewe binadamu. Aliyetumia ile video yenye muziki wa kutisha anajijua.

Si hizi ndo zile nyota zinazoanguka?

Hapana, hivyo ni vimondo, vijiwe vinavyoungua hewani juu yetu kilomita mia hivi. Havihusiani kabisa.

Na hizo sayari walizopata huko, mtu anaweza kuishi?

Hapa kaa vizuri.

Tatizo linaanzia kwenye udhaifu wa moto. Sigiri ikiwa na makaa machache unasogeza kiti karibu. Sayari inayotaka maji yasigande kwenye kibete chekundu lazima isogee karibu sana. Proxima b, iliyotangazwa Agosti 2016, uzito wake unakaribia wa dunia na mwaka wake ni siku 11 tu. Iko kama kilomita milioni 7 na nusu toka kwa nyota yake, sisi tuko milioni 150 toka kwa jua, yaani yeye amesogea karibu mara 20. Mwanga haupungui kwa mara 20 ukisogea nyuma mara 20, unapungua kwa 20 mara 20, ndo 400. Kwa hiyo mlipuko wa ukubwa ule ule, yeye unampiga mara 400 kuliko sisi. Na milipuko yenyewe ndo hiyo tumetoka kuisema, inakuja mara kwa mara, sio mara moja kwa karne.

Urujuanimno unavunja ozoni, ile hewa ya juu inayokinga na miale hiyo hiyo, chembe zinazorushwa zinakwangua hewa, miaka milioni kwa milioni, na mwisho unaweza kubaki na mwamba mtupu. Kwenye TRAPPIST-1, kibete cha umbali wa miaka ya nuru 40 chenye sayari 7 zilizotangazwa 2017, darubini ya James Webb ilipima ile ya ndani kabisa mwaka 2023, ikakuta upande wa mchana una joto la digrii 230 hivi, kama unavyotegemea kwa jiwe lisilo na hewa ya maana. Ya pili nayo haikuonyesha hewa nzito. Hizo mbili ni za karibu sana na moto lakini, za mbele yake kazi inaendelea, na hapo mi siwezi kukubaliana na wanaosema basi imekwisha, tufunge.

Kwa sababu kuna mambo ya kutetea. La kwanza, mwaka 2021 kundi la watafiti la Ekaterina Ilin lilichunguza vibete vinavyozunguka haraka likakuta milipuko mikubwa inatokea juu kule karibu na ncha za nyota, sio katikati kama kwenye jua. Sayari nyingi zinazunguka usawa wa katikati, kwa hiyo mlipuko mwingine unaweza kupita juu ya kichwa, kama vile mtu anamwaga maji dirishani gorofani na wewe umejibanza ukutani. La pili, maji yanazuia urujuanimno, mita chache chini ya bahari hali ni tofauti. La tatu, sayari zilizo karibu namna hii zinatarajiwa kuonyesha nyota uso mmoja tu kama mwezi unavyotuonyesha sisi, kwa hiyo upande wa usiku haupigwi moja kwa moja hata siku moja. Sasa kama kuna cha kuishi kwenye giza la milele ni hadithi nyingine.

Mzee mmoja msikitini alinisikiliza mpaka mwisho akasema, basi hao wa huko wamejenga nyumba bila madirisha. Sijapata jibu zuri zaidi ya hilo.

Vikizeeka si vinatulia?

Vinatulia, kwa sababu mzunguko unapungua na dainamo inachoka. Vinaishi sana hivi, matrilioni ya miaka, ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8 tu, maana yake hakuna kibete chekundu hata kimoja ambacho kimeshakufa kwa uzee. Ila utulivu wao usiuamini sana. Nyota ya Barnard iko miaka ya nuru 6, ina umri wa miaka bilioni 10 hivi, zaidi ya mara mbili ya jua, na watu waliiona kama babu aliyestaafu. Mwaka 1998 ikalipuka. Mwaka 2019 ikaangaliwa tena na darubini za angani Hubble na Chandra, ikaonekana milipuko miwili ya urujuanimno na mmoja wa eksirei, na waliopima wakakadiria kwamba kama robo ya muda wake inakuwa kwenye hali ya kuumiza hewa ya sayari. Na sayari inazo, ndogo 4, zilithibitishwa 2025.

Naweza kuonyeshwa ziko wapi?

Unaweza kuonyeshwa mahali, nyota yenyewe hapana. Sisi wa ikweta tuna bahati ambayo Mzungu anaikatia tiketi, ndani ya mwaka mmoja anga lote la kaskazini na kusini linapita juu yetu.

Juni, kama saa nne usiku, geukia kusini. Sio juu sana, kama theluthi ya njia toka chini mpaka utosini, utaona nyota mbili kali zimekaa karibu karibu, na kulia kwake Msalaba wa Kusini umeinama. Katika zile mbili, ile ya kushoto, yenye unjano kidogo, ni Rijili Kantori, ndo Alpha Centauri. Proxima iko karibu nayo, umbali kama upana wa kidole gumba chako ukinyoosha mkono. Pale kwenye weusi. Agosti saa nne usiku lala chali kwenye mkeka, nyota ya Barnard iko karibu utosini kabisa kwa mtu wa Arua, nayo huioni.

Ukitaka kuona kweli unahitaji darubini, na sikiliza ushauri wa aliyeumia. Mi nilinunua moja Kampala ya mtumba, boksi limeandikwa inakuza mara 675, muuzaji ananiapia. Nimefika nyumbani, miguu ni ya plastiki, ukipumua tu nyota inaruka kama panzi. Kukuza sio kitu, angalia upana wa kioo na uimara wa miguu. Kwa Proxima tafuta kioo cha sentimita 15 na kupanda. Anza na AD Leonis lakini, ndo nyepesi, iko karibu mno na nyota ng'avu ya Algieba kwenye kundi la Simba, mwezi wa Aprili jioni iko juu vizuri. Chukua nyota mbili za jirani za kulinganisha, angalia kila dakika, andika.

Na we mwenyewe ulishaona mlipuko hata mmoja?

Bado. Mwaka huu nilikaa usiku tatu na AD Leonis, miguu ya darubini nimeifunga kwa ule mpira wa tyubu kwenye kigogo cha mwembe, daftari mkononi, mtoto wangu ananishikia tochi yenye karatasi nyekundu. Usiku wa tatu umeme ulikuwa umeenda mtaa mzima, anga safi kabisa, nikaona kama imeongezeka, nikamwambia andika saa tatu na dakika arobaini na mbili. Nikarudisha jicho kuhakikisha. Umeme ukarudi, taa ya geti la jirani ikanipiga usoni, mtaa mzima ukashangilia, na ilipopita robo saa macho yakazoea giza tena nyota ilikuwa kama kawaida. Kwenye daftari tumeandika alama ya kuuliza.